Fitri kwenye bao la babu

Assalaam alaykum mhariri na wasomaji wenzangu. Wiki hii mmeuliza, skuli zikifungwa na sikukuu zikikaribia tunafanya nini na watoto wadogo majumbani wajifunze kitu bila ya kutumia pesa, na mkasema anaetaka kuandika kwa urefu aandike, basi mie nnataka. Nipo Pemba, kijijini upande wa Wete, nna watoto watano, wakubwa wawili washajitegemea na madaftari yao, wa mwisho bado kichanga, hawa wa katikati ndo ntakaowazungumzia, mmoja ana miaka sita yuko skuli ya maandalizi na mdogo wake ana minne.

Nianze na kilichonifungua macho. Mwaka jana mwezi wa kumi mwanangu huyu mkubwa kati ya hawa wawili alikuja na karatasi ya kupaka rangi, zile zinazotolewa kwenye intaneti, imechorwa mti majani mekundu yanapukutika na chini yake imeandikwa VULI. Sasa siku hizo na sie tulikuwa kwenye vuli, lakini vuli yetu nyie mnaijua, mvua, majani mabichi kila pahala, kisamvu kinachipua hata ukutani. Mtoto akatoka nje akenda kusimama chini ya mwembe, nikadhani anacheza, kumbe anangojea majani yadondoke. Kasimama weee, karudi ndani ananiuliza, "Mama, kwani vuli yetu imeharibika?"

Iliniingia moyoni. Nikamkalisha nikamwambia ile ni vuli ya nchi za baridi, ipo kweli na wenyewe wanaipenda, sisi vuli yetu ni ya mvua. Wala sisemi karatasi zile ni mbaya, lakini mtoto wa miaka mitano aanze na majira anayoyagusa, ya wenzetu atayakuta mbele. Tokea siku ile nimeacha kutafuta vitu vya kuprinti, nikawa najiuliza tu, huu msimu tulionao hapa nyumbani una kazi gani ambayo mtoto anaweza kuifanya kweli, na asipoifanya yeye itabidi aifanye mtu mwengine. Maana mtoto anajua kabisa ukimpa kazi ya kujifanya, atakufanyia dakika tano akuachie hapo.

Mfano mkubwa nilionao ni fitri ya Ramadhani iliyopita, ile sadaka ya chakula tunayowatolea maskini. Kila mtu pishi moja ya chakula, mkubwa na mdogo, itoke kabla ya sala ya Idd. Siku zote kazi hio tunaifanya watu wazima usiku kwa haraka na watoto washalala. Safari hii nikasema atapima mwanangu. Bibi yao, mama mkwe wangu, ana kopo lake la bati analoliita kibaba, la miaka na miaka, akamtolea na akamfundisha kwanza, vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, kwa hio pishi ni vibaba vine. Akamuonesha na mfuto, unajaza kopo unapitisha kiganja juu mchele wa ziada unarudi guniani, usirundike ukapunja wa ndani na usipunguze ukapunja maskini. Mtoto alichukua muda mrefu kwenye huo mfuto kuliko kitu chengine chochote, anapitisha mkono anachungulia kwa ubavu, anapitisha tena.

Tatizo likawa kuhesabu. Tulikuwa watu wanane nyumbani, mie na baba yao, watoto wanne maana kichanga alikuwa bado hajazaliwa, bibi na babu. Akifika kibaba cha kumi na tatu au kumi na nne anapotea, anaanza upya, mchele unarudi kwenye gunia. Mara ya pili akaanza kulia. Babu alikuwa barazani na bao lake, akasema nileteeni huyo mtoto. Akatoa kete zote kwenye mashimo akamwambia hesabu, safu za kwenda chini ziko ngapi? Nane. Na kila safu ina mashimo mangapi? Manne. Basi hii safu yangu mie, hii ya bibi yako, hii ya baba, kila ukimwaga kibaba kimoja tia kete shimo moja, safu ikijaa mtu huyo fitri yake imetimia.

Wallahi nimekaa na bao lile ndani ya nyumba miaka kumi na tatu sijawahi kuliona hivyo. Mashimo thalathini na mbili, watu wanane, vibaba vine vine. Mtoto akakimbia baina ya baraza na ukumbini, kibaba kimoja kete moja, na mdogo wake ndo mtia kete, na kila safu ikijaa wanapiga kelele jina la mwenyewe. Mkubwa tukamwambia aandike kwa chaki pembeni ya safu herufi ya mwanzo ya jina la kila mtu, na ile ya babu akaiandika kwa kiarabu kama anavyosoma chuoni, yaani madrasa, hatukumwambia, kaamua mwenyewe. Walipomaliza tukapeleka pishi moja kwenye mizani ya dukani ikatoka kilo mbili na nusu hivi, na yeye ndie aliekwenda na baba yake kuupeleka mchele. Idd ile kila mtu alieingia kusalimia alihadithiwa habari ya mfuto.

Mnaona hapo mna hesabu ya kuzidisha, mna herufi, mna vipimo na mna dini, na sikununua hata penseli.

Jengine ni mwezi. Sisi tuna bahati majina yetu ya miezi ya Kiislamu yenyewe ni hesabu na hatuwaambii watoto. Ukishamaliza Ramadhani unaanza Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, mpaka Mfunguo Tisa, halafu Rajabu, Shaabani, Ramadhani, hio ni kumi na mbili kamili. Idd kubwa iko kumi ya Mfunguo Tatu, Maulidi Mfunguo Sita. Nimechukua ubavu wa boksi nikauning'iniza nyuma ya mlango wa jikoni na kila jioni baada ya magharibi wanatoka kuuangalia mwezi na kuuchora kwa mkaa ulivyo, siku ya mwanzo uzi tu uko chini magharibi na haukai, siku ya pili umepanda kidogo, hivyo hivyo mpaka kumi na nne kumi na tano ni duara unachomoza jua likitua. Kukiwa na mawingu wanachora wingu, msiwaambie wabunie. Halafu tukaongeza bahari. Sie wanawake wa huku tukienda pwani kuokota chaza na kombe tunafuata bamvua, siku ambazo maji yanajaa sana na kutoka sana, sasa nikiteremka bamvua mtoto anatia jiwe dogo chini ya mchoro wa siku ile. Baada ya miezi miwili akaja mwenyewe kuniambia, mama mawe yote yako kwenye siku za mwezi mkubwa na siku ambazo mwezi hamna. Ndivyo, maji makuu huja mwezi unapoandama na unapopevuka, na katikati yake ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana. Mie nilifundishwa hayo nikiwa sekondari na nikayakariri ya mtihani tu.

Na sasahivi tumo kwenye karafuu. Hapa nseme jambo kwa uwazi, mtoto mdogo hapandi mkarafuu, na wala karafuu haimtoi mtoto skuli, matawi yake ni mepesi kukatika na watu wazima wenye uzoefu wanaanguka na kuvunjika. Lakini kuchambua usiku tunakaa nyumba nzima, kichwa upande huu makonyo, vile vijiti vyake, upande ule, na hio ni kazi ya vidole ambayo mtoto wa miaka minne anaiweza na inamtayarisha kushika penseli kuliko kuchora mistari. Mkubwa nimempa jamvi lake dogo. Tulimpimia kilo tatu mbichi zilizokwishachambuliwa, akaandika 3 kwenye boksi, na anazianika mwenyewe, kukija wingu anakimbilia jamvi lake kabla ya langu. Kila asubuhi anavunja moja, ikipinda haijawa, ikivunjika kwa mlio imekauka. Siku ya tano tukaenda mizani, kilo moja na kidogo! Akaniangalia kama nimemuibia. Ikabidi nimueleze yale maji yamekwenda na jua, akataka kujua yamekwenda wapi, tukaishia kuzungumzia mawingu mpaka magharibi.

Mengine ni madogo madogo tu. Tukipika mkate wa kumimina anatia alama ya mkaa kwenye bakuli unga uliposimama, akirudi chuoni anakuta hamira imeupandisha juu ya alama. Pesa za sikukuu wanazopewa wazihesabu wenyewe wazipange mia na mia mbili na mia tano kabla hawajenda kiwanjani. Upepo wa kusi tunarusha tiara.

Jirani yangu mmoja ananiambia nnajipa kazi, watoto watamwaga mchele, na kweli wanamwaga, tunatandika jamvi tunauokota. Mie nnaona ile saa moja inayopotea kwenye kuokota si hasara, na ukiona tabu fanya jambo moja tu kwa msimu mmoja.

Juzi nimemsikia mkubwa anamueleza babu yake kwamba Ramadhani inayokuja kuna shida, sasa tuko tisa, kichanga nae anatolewa fitri na bao lina safu nane tu. Babu akamuuliza, utafanyaje? Kamwambia atachimba mashimo manne mchangani, ubavuni mwa bao, na keshachagua kete zake, zile ndogo kabisa.