Nailoni mbili ukutani

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Mzazi afanye nini kuzuia unyevu na ukungu nyumbani ili watoto wasiugue?", limenikera. Kwani mzazi ndiye aliyejenga? Ningeuliza mwenye nyumba afanye nini. Umeshalipa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, ukungu ukatokea mwezi wa tatu, utahamia wapi?

Nasema hivyo kwa sababu ya Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha mjini. Tulipanga chumba na sebule mwezi wa kwanza, jua kali, ukuta umepakwa rangi ya mafuta mpaka unang'aa. (Ukiona rangi mpya nusu ya chini tu, shtuka. Mimi sikushtuka.) Masika yalipokolea, rangi ikavimba malengelenge, ukiyabonyeza yanatoa maji. Tuliposogeza kabati, ukuta wa nyuma ulikuwa na madoa meusi kama mtu amemwaga ufuta, na koti langu la harusi limeota manyoya ya kijani. Mdogo wetu, miaka 3, akaanza kukohoa usiku, kifua kinapiga filimbi. Zahanati walitupa dawa na kuuliza kama kuna anayevuta sigara. Habari za ukuta hazikuulizwa. Bibi yake akapiga simu: mfunikeni, na dirisha lisifunguliwe kabisa. Tukatii. Kila Jumamosi nikawa nasugua ukuta kwa Jiki. Wiki mbili, madoa yamerudi.

Baba mwenye nyumba nilipompigia alisema tu, "Mnapikia ndani." Kwa hasira nikamtafuta fundi, mzee mmoja wa Sanawari, aje anipe ushahidi. Alikata nailoni mbili za ukubwa wa daftari, akafuta ukuta kwa kitambaa, akabandika moja karibu na sakafu, nyingine usawa wa kifua, kingo zote kwa selotepu. "Msiziguse siku mbili." Watoto walizilinda kama mayai. Siku ya tatu, ya chini ilikuwa imelowa upande wa nyuma, unaogusa ukuta. Maji yanapanda kutoka ardhini, akasema mzee, msingi haukuwekewa nailoni, na maji ya bati yanaangukia pale pale. Nikamwangalia mke wangu kama niliyeshinda kesi. Ya juu, nyuma kavu. Matone yalikuwa mbele, upande wetu.

"Hii ni pumzi yenu, baba," mzee akasema. Akanyoosha kidole kwenye kamba ya nguo za mtoto juu ya kitanda, kisha jiko la gesi, kisha lile dirisha.

Sikupanga hasira iniishe hapa katikati ya barua. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kwamba wanaoishi kwenye unyevu na ukungu wako kwenye hatari zaidi ya pumu na maradhi ya njia ya hewa. Nusu ya unyevu wetu tulikuwa tunautengeneza wenyewe. Tukaanza kufungua dirisha asubuhi na wakati wa kupika, nguo zikahamia barazani hata zikikaa siku mbili, kabati likasogezwa shibiri moja kutoka ukutani. Madoa ya juu hayakurudi. Ya chini yaliendelea mpaka tunahama. Mwenye nyumba aliyapaka rangi ile ile. Kikohozi kilipungua, ingawa siwezi kuapa ni dirisha, maana mvua nazo zilikuwa zimekatika.

Basi jibu langu, nikilisema shingo upande: mzazi afungue dirisha. Liwe linafunguka lakini, na lisitazamane na tofali za jirani. Anayepikia mkaa ndani asisubiri ukungu, jiko alitoe nje leo. Na mwenye nyumba aweke mifereji kwenye bati, hilo silifuti.

Tulipo sasa kabati bado liko mbali na ukuta. Mke wangu analalamika kwamba linameza vitu. Juzi tumetoa nyuma yake ndala 3, zote za mguu wa kushoto.