Barua kwa mwanangu: "Na wa kwanza kapata ngapi?"

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unauliza kama uache uchoraji wa ramani za nyumba uingie kwenye biashara, kwa kuwa wenzako uliomaliza nao wana ofisi zao na wewe bado unachora chini ya jina la mtu mwingine. Nitafika huko. Lakini kuna sentensi umeipitisha harakaharaka kama si kitu: "Wenzangu wote wamenipita, mama." Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Wamekupita wakienda wapi?

Babu yako unamjua kwa upole, maana wewe ulimkuta mzee. Mimi nilimkuta na kalamu nyekundu. Hesabu ilinitesa sana. Muhula mmoja nikapata 34, nikaona aibu, nikamganda kila aliyeijua hesabu, na muhula uliofuata nikarudi na 61. Nilikimbia njia nzima na ile karatasi. Akaisoma, akaigeuza nyuma kama anayetafuta kilichobaki, akauliza: "Na wa kwanza kapata ngapi?" Alikuwa kapata 88. Akanirudishia karatasi yangu, basi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Zile alama 27 nilizopanda hakuna aliyezihesabu ila bibi yako, naye kwenye mambo ya shule hakuwa na sauti. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, nimezika, na swali lile likinijia bado naona joto shingoni.

Ndiyo maana nasema, na utanivumilia kwa kuwa umelisikia tangu hujaanza shule: mtu hupimwa kwa alikotoka.

Mjomba wako mkubwa hajawahi kulikubali neno hili. Hadithi yake ya Christchurch unaijua: Michezo ya Jumuiya ya Madola, 1974, fainali ya mita 1,500. Mtanzania Filbert Bayi anatangulia tangu mwanzo, hashikiki, anamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Mjomba huishia hapo na kupiga meza. Mimi moyo wangu humwendea aliyekuja wa pili, John Walker wa New Zealand. Alimaliza kwa 3:32.52. Rekodi iliyokuwapo kabla ya mbio zile ilikuwa 3:33.1, ya Mmarekani Jim Ryun. Kwa hiyo Walker naye alikimbia kasi ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuandikiwa, na bado akashindwa! Babu yako angemuuliza wa kwanza kapata ngapi.

Hapo ndipo mjomba wako hunibana. Husema, bila mgongo wa Bayi mbele yake, Walker angeitoa wapi kasi ile? Sina jibu zuri. Pengine asingeipata. Na mwaka 1975 Walker ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya 3:50, na rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Bayi huyohuyo. Kwa hiyo siwezi kukwambia ufumbe macho usiwaone wenzako. Aliyetangulia anakuonesha kwamba inawezekana, na hilo si jambo dogo. Ila wale wawili walisimama kwenye mstari mmoja, wakasikia mlio mmoja wa bastola. Wewe na hao wenzako je? Mmoja ofisi karithishwa na baba yake, unamjua, sitaki kumtaja. Huyo unapimana naye kwa rula gani?

Lakini nikisema hivyo nasita. Huenda roho haikuumi kwa sababu wamekupita. Huenda inakuuma kwa sababu unataka jina lako liandikwe chini ya ramani yako, na hilo ni haki yako kulitaka. Kama ni hilo, sioni biashara itakusaidia nini... Nimeanza kuhukumu, ngoja nirudi nyuma.

Unaikumbuka ramani ya kwanza uliyonionesha? Milango miwili ilifunguka ikagongana, na choo kilikuwa hakina dirisha. Nilikusifu kwa kuwa mimi ni mama yako. Hii uliyoniletea juzi niliitembea kwa kidole toka sebuleni hadi uani, sikugonga kitu. Hata jua la jioni umelifikiria linapoingilia. Siku ile nilikusifu tena, na mara hii umama haukuhusika.

Sasa kuhusu kuacha au kutoacha. Jibu ninalo, na linaniwasha ulimi tangu barua ilipofika. Nikilitoa utalibeba kama amri, halafu siku mambo yakienda kombo mwenye lawama ni mimi. Basi silitoi. Wewe tafuta ile ramani ya kwanza, najua hukuitupa, uje nayo. Hii ya juzi ninayo mimi na siitumi kwa mtu. Utaichukua mwenyewe hapa nyumbani, tuzitandaze zote mbili mezani. Ukimaliza kuzitazama ukiniuliza tena, sidhani kama nitaweza kunyamaza.

Mama yako