Mgeni wa Kampala, usichague kiwanja cha gofu kwa picha

Ujumbe uliingia Jumapili usiku nikiwa nimetumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Msomaji wa Mwanza aliandika: “Kaka, mwezi ujao nina kazi ya siku tatu Kampala. Fimbo zangu nakuja nazo. Nipe kiwanja ambacho mtu analipa, anacheza, anaondoka, bila kuulizwa baba yake ni nani. Niende wapi?”

Angeniuliza mapema mwaka huu ningemjibu kabla maji hayajapoa, na ningempoteza. Nilikuwa na jibu moja kwa wageni wote: twende ziwani. Kilichonibadilisha ni habari ya Mzee wangu. Inaniuma kuisimulia, ila afadhali niiseme mwenyewe kuliko yeye kuisambaza Tanga nzima.

Mzee ndiye aliyenifundisha uwakala wa forodha pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, enzi za kugonga mihuri mpaka kiganja kinakufa ganzi. Alipostaafu akarudi kwao Tanga, akaanza gofu uzeeni. Alipokuja Kampala mwaka huu akanipigia simu: “Mwanangu, nasikia nawe unacheza.” Nawe unacheza! Mimi mwenye handikapu ya 11 (ni mapigo ya ziada anayoruhusiwa mchezaji, ikiwa ndogo ndiyo uhodari), niliyebeba mabegi ya watu tangu nina miaka kumi! Nikajiapiza kwamba lazima aone.

Alifikia hoteli moja Nakasero. Asubuhi nilipokwenda kumsalimia alikuwa amesimama dirishani na kikombe cha chai, anatazama bonde la Kitante. “Mwanangu, pale chini si gofu hiyo?” Nikamwambia ndiyo, lakini pale tutacheza siku nyingine, leo nakupeleka kwenye maji. Akasema, “Haya baba, wewe ndiye mwenyeji.”

Kiwanja nilichompeleka sikitaji, maana hakikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa na kikao kilichochelewa, tukatoka mjini saa saba na nusu. Kibuye, kwenye foleni ya magari, tukakaa. Anayeijua Kibuye mchana haitaji maelezo, na asiyeijua aombe isimjue. Tulipofika tukakuta kampuni fulani imeleta wafanyakazi wake, makundi matatu yako mbele yetu, na wengine ndiyo kwanza wanaonyeshwa jinsi ya kushika fimbo. Tukapiga mpira wa kwanza saa tisa na dakika ishirini.

Mzee ana handikapu ya 24, na nyumbani kwake amezoea kiwanja kikavu, cha kirafiki. Hapa kila akiinua kichwa anaona maji. Mpira wa kwanza ukaenda majini. Wa pili nao. Kwenye shimo la sita alipiga vizuri sana, mpira ukaruka griini nzima, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, na kuangukia vichakani, kwa sababu sikumwambia kitu ambacho kila kedi, yaani mbeba begi la mchezaji, wa Kampala anakijua: tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira wa mtu wa pwani huku unakwenda mbali kuliko alivyozoea. Ilibidi ashuke fimbo moja, yaani achukue ya kupiga karibu zaidi. (Wewe wa Mwanza hili halikuhusu sana, ziwa letu ni moja na mwinuko ni uleule.) Tukautafuta. Sheria za gofu za 2019 zimepunguza muda wa kutafuta mpira kutoka dakika tano hadi tatu, na mimi, kwa ujinga wangu, nikawa natazama saa. Namtazamia saa mtu aliyenifundisha kazi!

Giza likatukuta shimo la kumi na tatu. Hapa kwetu jua likishaamua kuzama halibembelezi, saa kumi na mbili na nusu unaona, saa moja na robo unapapasa. Mzee alikuwa amepoteza mipira tisa. Kwenye gari hakusema neno mpaka tulipofika Najjanankumbi. Ndipo akasema taratibu, “Maji nimeyaona, mwanangu.”

Sikulala vizuri. Kesho yake, Ijumaa, nikampigia saa kumi na mbili asubuhi, tukashuka Kitante kwa miguu, akacheza mashimo tisa tu na kedi mwenye mvi kama zake. Kaloli, wale korongo wakubwa wa Kampala, wamesimama kwenye majani kama mahakimu, mji unaamka pande zote mbili, Nakasero huku na Kololo kule. Shimo moja fupi alilimaliza kwa mapigo matatu, sawasawa na anavyotakiwa kulimaliza bingwa. Saa tatu tulikuwa mezani tunakula rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai. Aliponiaga uwanja wa ndege alizungumzia mapigo yale matatu. Ziwa hakuligusa kabisa.

Sasa, ndugu yangu wa Mwanza, nikujibu.

Kwanza ujue kwamba neno “kiwanja cha umma” hapa ni la kuazima. Usitegemee kukuta kiwanja cha manispaa ambacho unakata tiketi dirishani. Viwanja vyetu ni vya vilabu au vya hoteli, na mgeni anaingia kwa kulipa ada ya kiwanja. Kwa hiyo usiulize tu kama mlango uko wazi. Uliza uko wazi siku gani na saa ngapi. Mwisho wa wiki ni wa wanachama na mashindano. Kampuni nazo zinapenda gofu kuliko zinavyopenda kulipa madeni, na zikikodi kiwanja hata siku ya kazi, wewe na begi lako mtakaa barazani. Wiki ya mashindano ya Uganda Open usijaribu hata kubisha hodi kwenye kiwanja kinachoyaandaa. Piga simu. Siku moja kabla piga tena.

Ukiwa na kazi mjini na nafasi yako ni asubuhi moja, jibu ni Kitante, Uganda Golf Club. Mashimo 18 katikati ya jiji, mfereji unapita bondeni, na ukimaliza unaweza kuwa ofisini kabla bosi hajamaliza chai. Hakina mandhari ya kutumia watu picha, labda kama unapenda mapaa ya majengo. Lakini utacheza, na utamaliza.

Entebbe mimi humshauri mtu aiweke siku ya kuondoka au ya kufika, kwa sababu uwanja wa ndege uko palepale. Klabu yake ni kongwe, ina zaidi ya miaka 100, ya tangu Entebbe ilipokuwa makao ya serikali ya kikoloni. Kiwanja kinateremka kuelekea ziwani, miti ni mikubwa, upepo wa mchana una tabia zake. Makedi wa pale watakwambia kila mpira kwenye griini unavutwa na ziwa, hata macho yako yakikuambia vingine. Waamini. Kutoka Kampala ni kama kilomita 40, na siku hizi kuna ile barabara ya haraka iliyofunguliwa 2018 na kuanza kutozwa pesa Januari 2022. Gari dogo ni shilingi 5,000. Zilipe. Nimeona watu wanabania elfu tano halafu wanapoteza saa mbili na nusu Kajjansi, eti wamebana matumizi.

Kigo, kwenye hoteli ya Serena iliyo ufukweni, ndiko kwenye picha zote unazoziona kwenye simu. Ni mashimo 18, maji kila upande, pamoja na griini iliyozungukwa na maji kama kisiwa. Ni kuzuri kwelikweli. Nenda ukiwa na siku nzima, mipira ya kutosha, na moyo wa kucheka. Mwenye handikapu ya 24 aliyetoka mkutanoni saa saba asiende, na asipelekwe na mtu anayejiona.

Jinja sio Kampala, ni kilomita 80 huko mashariki, na mtu makini angeiacha nje ya makala hii. Siwezi. Nimekulia kambini Jinja, baba askari, Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya nyumbani kwa sababu mama alikuwa na lugha yake na baba naye ya kwake. Siku za Jumamosi tulitoroka kazi za nyumbani tukaenda kubeba mabegi. Kiwanja kina mashimo tisa, juu kidogo ya mto Nile, unayazunguka mara mbili ukitaka 18. Watu wanakijua kwa ile sheria yake maarufu: mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, unauinua na kuudondosha pembeni bila adhabu. Wageni hucheka wakidhani ni utani wa kitalii. Mimi nimeingiza mguu mzima kwenye unyayo kama huo alfajiri ya mvua, nikaona haufiki ukingoni. Fimbo yangu ya kwanza ilikuwa namba 7 iliyopinda shingo, niliyopewa na mhandisi mmoja wa bwawa badala ya malipo ya wiki mbili. Nyumbani nilichapwa kwa kukosa pesa ya kuonyesha, na nilichapwa kwa fimbo hiyohiyo. Hadi leo ninayo.

Nayasema haya ili uelewe hili linalofuata. Mwaka 2009, nikiwa na mshahara wangu na gari langu la mitumba, nilikwenda kwenye klabu moja hapa nchini nikiwa na fulana isiyo na kola. Sijui ni ushamba au ni furaha, sikufikiri. Aliyekuwa mapokezi alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, akaniambia, “Makedi wanapitia nyuma.” Hakunitukana. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekuelekeza chooni. Nilipitia nyuma. Ndiyo, nilipitia nyuma, nikazunguka jengo, nikatokea barabarani, nikaenda zangu. Miaka mingi imepita na bado nina mashati mawili yenye kola kwenye buti la gari. Wewe usingoje kuumizwa ndipo ujue: shati la kola, kaptula ya heshima inayokaribia goti au suruali, soksi, viatu vyenye meno laini. Kama una kadi ya handikapu au barua ya klabu yako ya nyumbani, njoo nayo. Vilabu vingine vina undugu na vilabu vya nje na bei hubadilika. Uliza pia kama mtu wa Afrika Mashariki analipa sawa na anayetoka Ulaya. Kuuliza bei hakumpunguzii mtu hadhi, ingawa ukiwatazama wanagofu wetu utadhani kunapunguza.

Na kedi, chukua kedi wa palepale. Usiniletee habari za kujibebea begi kwa sababu una nguvu. Kedi wa kiwanja anajua mfereji ulipojificha, anajua mvua ya Kampala inaingilia upande gani, na hiyo mvua si ya kufanyia mzaha, eneo hili la ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Akisema tuondoke, ondokeni, hata kama umebakiza pigo moja uweke rekodi ya ukoo. Lakini mlipe vizuri, umuulize jina, usimrushie pesa kama unamrushia kaloli mfupa. Nawajua wachezaji, tena wenye majina makubwa mjini, wanaotoa pesa nyingi kununua mpira mmoja wa kutoka nje halafu wanabishana na mtoto wa mtu juu ya nauli ya boda. Wanakwenda kanisani na msikitini hao, wanakaa mstari wa mbele. Gofu inamvua mtu nguo zote. Kaa naye saa nne kiwanjani na hutahitaji kuuliza majirani zake. Mimi pia ilinivua, mbele ya Mzee wangu, nilipokuwa natazama saa.

Basi hesabu yako ianze na saa. Mashimo 18 yanakula saa nne, wakati mwingine nne na nusu. Mpira wa kwanza ukipigwa baada ya saa nane mchana, jihesabie mashimo tisa na ushukuru. Toa muda wa barabarani, halafu utoe tena nusu yake, kwa sababu hii ni Kampala. Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, asubuhi ndiyo salama yako kwa sababu ya mvua. Kinachobaki baada ya hesabu hiyo ndicho kiwanja chako, hata kama picha zake hazivutii.

Wa Mwanza nilimuuliza siku zake. Yupo Jumatatu hadi Jumatano, vikao vinaanza saa nne, anaondoka Jumatano jioni kwa ndege. Nimemwambia: Jumanne Kitante saa moja kamili, mashimo tisa tu. Jumatano, vikao vikiisha mapema, fimbo ziwe tayari kwenye gari, Entebbe. Kigo aiache hadi siku atakapokuja na mkewe likizo. Akaniuliza alete mipira mingapi. Nimemwambia kumi na miwili, na kwamba Jumatatu jioni anipigie simu, kedi mwenye mvi nitakuwa nimeshamwambia.