Pesa imerudi, mbona wateja hawajarudi?

*Barua za wasomaji kuhusu pesa za nyumbani na biashara ndogo. Anajibu Mwalimu, aliyefundisha utunzaji wa hesabu katika vyama vya msingi vya ushirika vya Mtwara na Lindi.*

Shikamoo Mwalimu. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Newala: mabati, saruji, misumari, rangi, na pembeni nauza magodoro. Minada ya korosho ya 2024 ilipofunguliwa na bei ikapita shilingi 4,000 kwa kilo, nilijua neema imerudi, nikajaza stoo. Wakulima wamelipwa. Nawaona kwenye foleni ya benki, nawaona sokoni, lakini mabati yangu yamelala. Mwaka 2017 kwa bei kama ile walikuwa wanayagombania. Mdogo wangu wa kike anahudumia wazee Limerick, kule Ayalandi. Nilipomlalamikia akaniambia, "Dada, hata huku mpaka leo wanasimulia mdororo wa 2008, na wapo wasiotaka kusikia habari ya mkopo." Sasa nauliza: hofu ya pesa inakwisha lini? Na mimi na mabati yangu nifanyeje?
*Mama Mabati, Newala*

Marahaba, mama. Mdogo wako amekupa mfano mzuri, na nitakaa nao kidogo kabla sijaingia stoo kwako.

Ayalandi ilikuwa na neema iliyodumu zaidi ya miaka kumi. Kazi zilipatikana, benki zilikopesha bila kuuliza sana, mwenye mshahara alitaka nyumba na mwenye nyumba akataka ya pili ya kupangisha. Bei za nyumba zilifika juu kabisa mwaka 2007, kisha zikaanza kuporomoka, na kufikia 2013 zilikuwa zimepoteza takriban nusu. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Septemba 2008 serikali iliamua kuzidhamini benki, na deni la benki likawa la kila mlipa kodi. Novemba 2010 nchi ikakubali mpango wa uokoaji wa euro bilioni 85, sehemu kubwa ikitoka Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kabla ya mdororo wasio na kazi walikuwa kama 5 katika kila watu 100 wa nguvu kazi. Wakafika karibu 15.

Sasa nisikilize hapa. Taasisi ya utafiti ya Dublin iitwayo ESRI ilianza mwaka 1996 kupima kila mwezi jinsi watu wanavyojisikia kuhusu pesa, baadaye ikishirikiana na benki moja. Hawamuulizi mtu ana kiasi gani mfukoni. Wanamuuliza kama hali ya nyumbani kwake ni nzuri au mbaya kuliko mwaka uliopita, anatarajia mwaka ujao itakuwaje, anauonaje uchumi wa nchi, anadhani wasio na kazi wataongezeka, na kama huu ni wakati wa kununua kitu kikubwa. Majibu yanageuzwa namba moja, na kiwango cha mwisho wa 1995 kimewekwa kuwa 100. Julai 2008 namba hiyo ilianguka chini ya 40.

Tazama tarehe hizo, mama. Julai! Miezi miwili na zaidi kabla ya ule usiku wa benki. Wakati wakubwa bado wanasema misingi ya uchumi ni imara, mama wa nyumbani wa Limerick na dereva wa Cork walikwisha kukunja mkono. Mimi nimewaheshimu wateja tangu siku niliyosoma habari hiyo. Mtu anayegeuza bati, akaligonga kwa kidole, akauliza bei na kuondoka, anajua jambo ambalo sisi wauzaji tunachelewa kulijua.

Walikunja mkono kweli. Mwaka 2007 yaliuzwa magari mapya zaidi ya 180,000 kule. Mwaka 2009 hayakufika 60,000. Na si kwamba theluthi mbili ya wanunuzi walifukuzwa kazi. Wengi walikuwa na mshahara uleule au uliopungua kidogo, ila hawakuwa na hakika nao. Januari 2009 kampuni ya kompyuta ya Dell ilitangaza kuondoa ajira 1,900 pale Limerick. Siku ile wale wafanyakazi walikuwa bado wanalipwa, lakini hebu jiweke kwenye nafasi ya mwenye duka la fanicha mtaani kwao. Na jirani yao aliyefanya kazi kwingine kabisa naye akaahirisha kununua kochi. Waliokaa karibu na mpaka walivuka kwenda Newry, upande wa Ayalandi ya Kaskazini unaotumia pauni ya Uingereza, kununua mahitaji kwa sababu pauni hiyo ilikuwa imeshuka. Wazee kwa maelfu waliandamana Dublin Oktoba 2008 serikali ilipotaka kuwaondolea wenye zaidi ya miaka 70 haki ya moja kwa moja ya kadi ya matibabu. Mwaka uliofuata wastaafu wakakosa hata ile nyongeza ya Krismasi, na iliporudi mwaka 2014 ilirudi robo tu.

Pesa waliyobana ilikwenda wapi? Kwenye akiba, na zaidi kwenye madeni. Familia za kule zilikuwa zinadaiwa zaidi ya mara mbili ya kipato chao cha mwaka. Kwa hiyo hata mshahara ulipoanza kutengemaa, sehemu yake ilikuwa imekwisha kuwekwa upande wa benki kabla haijafika dukani. Wewe kama muuzaji unaona mtu mwoga. Yeye anajiona anajikomboa.

Turudi Newala. Wateja wako wa 2017 walikuwa na nini ambacho hawa hawana? Bei ni ileile karibu. Walikuwa na misimu mizuri iliyofuatana nyuma yao, wakaamini unaokuja utakuwa hivyo hivyo. Kisha ukaja 2018. Wakulima walizikataa bei za mnadani, Novemba Rais Magufuli akatangaza kuwa serikali itanunua kwa shilingi 3,300, malori ya jeshi yakaja kubeba, na wako waliosubiri malipo miezi mingi, ada za shule zikiwa mlangoni. Miaka ya mbele yake bei ikateremka hadi jirani na shilingi 2,000. Mkulima aliyepita humo hawezi kuiona 4,000 ya msimu mmoja akaiita kipato. Anaiita bahati, na bahati watu wa kwetu wanailipia madeni, wanailipia salfa ya kupulizia mikorosho msimu ujao, wanamalizia unyago wa binti uliokuwa umeahirishwa. Kinachobaki kinakaa.

Kwa hiyo nikijibu swali lako sawasawa: hofu haiishi kwa bei kubwa, inaisha kwa bei inayozoeleka. Mpe mkulima misimu miwili au mitatu ambayo malipo yanakuja kwa wakati, hata kama bei si ya kuvunja rekodi, utamwona anarudi kwenye mabati. Ayalandi ilitoka kwenye mpango wa uokoaji Desemba 2013, lakini maduka hayakujaa Januari.

Kuhusu stoo. Usiongeze bati hata moja kwa mkopo. Mtu mwenye hofu hajengi, anakarabati: atanunua bati mbili za kuziba panapovuja, kilo ya misumari, rangi ya chumba kimoja. Basi uza bati moja moja bila kununa, na uwe na misumari ya kutosha siku zote. Fungua daftari la kudunduliza: mteja analeta alichonacho kila wiki, unaandika, anasaini, unampa risiti, na bati zake unazitenga mpaka zitimie. Hesabu ya pesa hizo iwe mbali na ya duka, maana bado ni zake. Na nakuomba sana, usimpe mtu bati leo kwa makubaliano ya kukulipa magunia ya korosho zilizo bado juu ya mti. Hiyo ni kangomba hata ukiipa jina la urafiki, sheria inaikataza, na ndiyo iliyowafilisi baba zetu wengi.

Halafu waulize wateja wako yale maswali ya Dublin, kwa lugha yako, ukiwa unawapimia saruji. "Mwaka ujao unauonaje?" Waulize kila mwezi, andika pembeni ya daftari la mauzo. Majibu yakianza kubadilika, hapo ndipo uagize mzigo.

Mwalimu, shikamoo. Wakati wa msisimko wa gesi asilia nilikopa nikajenga nyumba ya wageni ya vyumba 12 hapa Mtwara mjini. Wageni wa kampuni walikuwa wanalipa bila kuuliza. Wakaondoka. Benki ilinisogezea muda mara mbili, deni bado lipo, na siku hizi wakipiga simu sipokei. Mke wangu anajua kuna mkopo ila hajui umebaki kiasi gani. Niuze kwa hasara, au nishikilie mpaka mradi mkubwa wa gesi wa Lindi uanze?
*Mwenye vyumba vitupu, Mtwara*

Marahaba. Kabla ya benki, kaa na mama watoto usiku wa leo umwonyeshe makaratasi yote. Nyumba hiyo ni yenu wote na hasara ni yenu wote, na mtu hawezi kusaidia kubeba kitu alichofichwa. Nalisema hili kwanza kwa sababu nimeona ndoa zikivunjika kwa siri ya deni kuliko kwa deni lenyewe.

Mwenzako wa Ayalandi nitakwambia alivyofanya. Mwaka 2010 serikali ya kule ilihesabu mitaa ya nyumba mpya ambayo haikumalizika, ikapata zaidi ya 2,800. Mingine ilikuwa na barabara na taa lakini haina watu. Ndani ya nyumba zilizokaliwa, maelfu kwa maelfu ya familia walikuwa wanadaiwa kuliko nyumba inavyoweza kuuzwa. Ukiuza, deni halikwishi. Usipouza, unalipia kitu kilichopungua nusu. Wengi walifanya unavyofanya: barua za benki hazifunguliwi, simu hailetwi sikioni.

Waliookoka vizuri zaidi ni waliokwenda wenyewe mapema. Walikuwa na huduma ya bure ya ushauri wa madeni iitwayo MABS, iliyoanza mwaka 1992, ambako mshauri anakaa nawe mnaandika kila kinachoingia na kinachotoka, kisha anakusaidia kuzungumza na wanaokudai. Benki nazo zikalazimika kukubali njia nyingine, kama kugawa mkopo, sehemu ilipwe sasa na sehemu ingoje. Hata sheria ilibadilika. Zamani aliyetangazwa mufilisi kule alibaki kifungoni mwa hali hiyo miaka 12. Sheria ya 2012 ikaishusha hadi 3, na 2016 ikawa mwaka 1. Nchi nzima ilikubali kwamba mtu aliyefungiwa kwenye deni miaka 12 hafanyi kazi kwa moyo, hanunui, hajengi.

Sasa, kushikilia au kuuza? Bei za nyumba za Ayalandi zilirudi pale zilipokuwa 2007, ndiyo. Zilirudi mwaka 2022. Miaka 15. Aliyeweza kusubiri ni yule ambaye rejesho la kila mwezi halikuwa linamnyima chakula. Ambaye lilimnyima, kusubiri kulimla.

Kwa hiyo mradi wa Lindi usiuweke kwenye hesabu zako kabisa. Ukija, utakukuta. Hesabu vyumba 12 kwa watu waliopo leo Mtwara: wanafunzi wa chuo, wauguzi na watumishi wa hospitali ya Ligula na wa hospitali ya rufaa ya kanda kule Mitengo, madereva wa malori ya saruji. Hao hawalipi bei ya wageni wa gesi kwa usiku, lakini wanalipa kwa mwezi na wanakaa. Tia jiko la pamoja, weka luku kila upande, pangisha. Kama kodi hiyo, ukitoa maji, ulinzi na matengenezo, inafika kwenye rejesho au karibu yake, shikilia na uiombe benki kwa maandishi ikupangie upya kulingana na kodi hiyo. Kama haifiki hata nusu, tafuta mnunuzi wewe mwenyewe mapema, kwa ridhaa ya benki, kabla dalali wa mnada hajaja na kipaza sauti. Bei ya mwenye nyumba anayeuza kwa hiari na ile ya mnada haziko karibu.

Na simu ikiita kesho, pokea.

Mwalimu, nasoma uchumi hapa Mtwara. Rafiki anabisha kwamba Ayalandi iliwahi kukua kwa asilimia 26 kwa mwaka mmoja. Inawezekana? Na kama ni kweli, watu si walitajirika?
*Mwanafunzi*

Ni kweli, ni hesabu ya mwaka 2015. Chanzo chake kikubwa ni kampuni chache za kimataifa zilizohamishia Ayalandi mali zisizoshikika, kama haki za ubunifu, ili zihesabiwe huko. Kwenye vitabu uchumi ulipaa. Kwa muuguzi wa Dublin hakuna kilichobadilika, kodi ya nyumba ilikuwa inapanda tu. Mapema 2016, kabla namba hiyo haijatangazwa, chama tawala cha Fine Gael kilikwenda kwenye uchaguzi kikiwaomba wananchi waendeleze ufufuo wa uchumi. Kilikuwa kimeshinda viti 76 mwaka 2011. Safari hii kikapata 50. Watu wengi, hasa nje ya Dublin, walikuwa hawajauona ufufuo wenyewe.

Tangu 2017 ofisi ya takwimu ya kule inatoa pia kipimo kingine cha kipato cha nchi, kilichoondolewa sehemu kubwa ya mahesabu hayo ya kampuni za nje. Hicho ndicho ukitumie kwenye insha yako, ukilinganishe na mauzo ya maduka na idadi ya wenye kazi, na rafiki yako umwachie ile 26.