Samaki mbichi au dagaa wakavu? Niliyojifunza nikiwa mbali na ziwa

Nimezaliwa na kukulia Mwanza, kwa hiyo nyumbani kwetu swali hili halikuwepo. Sato tuliyemla mchana alikuwa ameamkia ziwani siku hiyo hiyo. Dagaa ilikuwa mboga ya katikati ya mwezi, na sisi watoto tulinuna tukiiona mezani. Nilipoolewa nikahamia Dodoma nilikuja na akili ile ile: mbichi ndiye samaki, mkavu ni wa kuzibia pengo. Imenichukua miaka kuiacha. Naandika kwa sababu naona kina mama wengi huku bara wanajibana ili wanunue samaki anayeitwa mbichi, kumbe ubichi ulishamtoka njiani.

Kutoka Mwanza hadi hapa ni kilomita karibu 700. Samaki akifungwa vizuri kwenye barafu tangu mwaloni, anafika salama. Shida ni barafu inayoyeyuka njiani, inaongezwa, inayeyuka tena sokoni. Siku moja jioni nilikuta vibua wa bei nzuri kwenye beseni, wanaelea kwenye maji ya barafu iliyokwisha. Macho yao yalikuwa yamezama na yana ukungu. Niliyaona, nikajipa moyo kwamba nitawakaanga hadi wakauke. Haikupita nusu saa baada ya kula, ulimi ukaanza kuniwasha kama nimetafuna pilipili, uso ukawaka moto, kichwa kikagonga. Mwanangu wa pili akatapika. Kituo cha afya muuguzi aliuliza swali moja tu: "Mmekula samaki gani?" Akatueleza kuwa vibua, jodari na jamii yao wakikaa kwenye joto hujitengenezea histamini nyingi kwenye minofu, na ikishaingia haiondoki kwa kuchemsha wala kwa mafuta ya moto. Tulirudi nyumbani usiku ule ule, lakini tangu hapo samaki akinitia shaka simnunui hata akiuzwa nusu bei.

Ukiwa mbali na maji, kwa chakula cha kila siku, dagaa aliyekaushwa vizuri ni bora kuliko samaki mbichi aliyechoka. Neno la kushikilia hapo ni "vizuri", maana dagaa nao wana mambo yao.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, siku za giza, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi hupumzika. Asubuhi wanaanikwa. Wengine huwamwaga juu ya mchanga, wengine juu ya chanja au nyavu zilizoinuliwa kutoka chini. Wa chanja wanang'aa kama fedha, hata ukiwashika kiganja kinabaki safi. Wa mchanga wana rangi ya kijivu, na hapo ndipo unapopata ile chembe inayolia kwenye jino katikati ya tonge. Mimi nikifika sokoni nachukua mmoja namkunja. Aliyekauka anakatika kwa mlio. Akipinda kama uzi, bado ana maji na ataota ukungu kabatini kwako. Kisha nakamata konzi moja, nabana, naachia. Wakibaki wameshikana, naaga. Masika ndiyo wakati wa kuwa makini zaidi, kwa kuwa jua halitoshi na wanaoanza kuharibika huchanganywa na wazima. Na ukisikia harufu ya dawa ya wadudu badala ya harufu ya samaki, usinunue, maana wapo wafanyabiashara wanaopulizia mzigo ili nzi na mende wasiuguse.

Kuwaosha kuna ufundi ambao mama hakuwahi kunieleza kwa maneno, niliuona tu mikononi mwake. Unawachambua kwanza, unatoa utumbo mweusi unaoleta uchungu. Unawamwagia maji ya moto kwenye beseni, unawaacha dakika chache, halafu unawatoa kwa kuwachota juu juu kwa viganja. Usimwage beseni zima kwenye chujio! Mchanga umetulia chini, ukimwaga unawarudishia wote. Unachota, unabadili maji, unachota tena, mpaka chini ya beseni pawe peupe. Kwangu huwa mara nne. Baada ya hapo kaanga mpaka wakakamae kidogo, ndipo uweke kitunguu, nyanya, hoho, na ndimu mwishoni. Ukiwa na karanga za kusaga, hata yule mtoto anayenuna atalamba sahani.

Kuhusu lishe, watu hupenda kusema dagaa wana protini mara tatu ya samaki mbichi. Kwa mizani ni kweli, ila tuelewane. Katika kilo ya samaki mbichi, gramu 700 hadi 800 ni maji. Kwa dagaa mkavu maji ni kama sehemu moja ya kumi tu. Kwa hiyo gramu kwa gramu mkavu lazima amshinde. Lakini hakuna anayekula robo kilo ya dagaa wakavu mlo mmoja. Faida kubwa naiona kwingine: dagaa unamla mzima, na mifupa yake, kwa hiyo unapata madini ya chokaa ambayo kwa sato tunayatupa pamoja na miba. Samaki mbichi naye ana lake, kwani jua hupunguza baadhi ya vitamini, na mafuta ya mkavu aliyekaa sana huchacha, ndiyo yale yanayokwaruza koo. Nanunua wa kutosha mwezi mmoja au miwili, naweka kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, basi.

Jambo moja nisiloweza kuliruka ni chumvi. Dagaa wa Mwanza wa kuanikwa juani kwa kawaida hawatiwi chumvi. Ng'onda, papa mkavu na kayabo, yaani sangara mkavu, wanatiwa, tena nyingi, na dagaa wengi wa Unguja huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga na papa wa nazi kwake ni nusu ya maisha, lakini ana presha. Sikumnyima. Namloweka papa usiku kucha, nabadili maji mara mbili, simwongezei chumvi jikoni, na ni mara moja moja tu, si kila wiki.

Samaki mbichi bado namla, ila namfuata alipo. Mtu akipita bwawa la Mtera kwenye barabara ya Iringa, namwomba aniletee perege, aje na barafu yake kabisa. Nikimpokea naangalia macho yaliyojaa, mashavu mekundu ndani, na nyama inayorudi nikiibonyeza kwa kidole. Siku hiyo hatugusi dagaa.

Siku nyingine zote ndoo iko pale juu ya kabati. Siku za giza zikiingia, dagaa wanakuwa wengi na bei inashuka, kaka yangu ananipigia simu kutoka Mwanza kuniuliza anitumie sado ngapi kwenye basi. Namjibu mbili, halafu namkumbusha: wa chanja, kaka, wa mchanga waache huko huko.