Mama alilazwa na Uviko, dawa yake ya kolesto ikabaki nyumbani Nkuhungu

Julai 2021, ile baridi ya Dodoma yenye upepo na vumbi, mama alianza na mafua tu, siku ya nne akawa anahema kwa shida tukamkimbiza hospitali, kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni kikasoma 86 wakamlaza hapohapo na oksijeni. Begi nilifunga mimi. Khanga, blanketi, kadi ya bima, chupa ya chai. Nesi alipouliza dawa nikamtajia ya presha, ila atorvastatin, ile ya kolesto, sikuitaja, nikasema moyoni hiyo ni ya mafuta tu na chakula chenyewe hali, si itasubiri apone.

Siku ya tano daktari mmoja kijana akamsalimia kwa Kigogo "mbukwenyi mama", mama akafumbua macho kumwitikia, halafu yule daktari akaniita pembeni akasema nitajie kila anachomeza nyumbani, hata cha wiki mara moja. Nikataja zote. Akaacha kuandika akaniangalia, "si umesema alipata kiharusi kidogo 2018, sasa hii mbona mmeikatisha?" Nilipanda bodaboda mpaka nyumbani, bahasha ya famasi nikaikuta nyuma ya redio, imeandikwa kwa peni 1x1 usiku, vidonge tisa.

Alichonieleza ndo nataka mkijue. Ukipata kirusi kikali kama Uviko au influenza, kinga ya mwili inacharuka, na huo mcharuko hauishii kwenye mapafu, unaingia mpaka kwenye kuta za mishipa ya damu, damu inakuwa rahisi kuganda, na kama mishipa ina mafuta yaliyoganda ukutani yanaweza kupasuka. Kuna utafiti wa Ontario, Kanada, ulitoka 2018, waliona ndani ya siku saba baada ya mtu kuthibitika ana influenza hatari ya shambulio la moyo inapanda kama mara sita. Mara sita jamani! Na dawa za kundi la statini (atorvastatin, rosuvastatin, simvastatin) mbali na kulizuia ini kutengeneza kolesto, zinatuliza pia huo mcharuko. Mwaka 2008 ilitoka taarifa ya utafiti mkubwa wa watu zaidi ya elfu 17 ambao kolesto yao haikuwa juu ila kipimo cha CRP, kile kinachoonyesha mcharuko, kilikuwa juu, waliopewa rosuvastatin CRP ikashuka na mashambulio ya moyo na viharusi vikapungua. Kwa hiyo kwa mtu kama mama kuikatisha wiki ileile anayoihitaji zaidi ni kosa, na mimi nililifanya.

Sasa upande wa pili, maana baba mdogo aliposikia haya akanipigia simu kutoka Kondoa anataka nimnunulie boksi zima akae nalo, Uviko ikija ameze. Nikamwambia hapana baba. Ni kweli wagonjwa wa Uviko waliokuwa tayari wanatumia statini kabla ya kulazwa walionekana kufariki wachache, lakini mtu anayemeza dawa ya kolesto kila siku mara nyingi ndo huyohuyo anayehudhuria kliniki na kupima presha, huwezi kujua kilichomsaidia ni kidonge au ni kujitunza. Walipojaribu kuwaanzishia wagonjwa mahututi, kule Irani atorvastatin ya miligramu 20 haikuleta tofauti ya maana, na jaribio jingine la nchi nyingi la simvastatin lililotoka 2023 lilielekea upande wa kusaidia ila halikufika kiwango cha uhakika walichojiwekea. Yani sio dawa ya virusi.

Na kuna michanganyiko ya hatari. Ukiwa kwenye simvastatin au atorvastatin halafu ukaandikiwa clarithromycin au erythromycin, au dawa za virusi zenye ritonavir, ile statini inaweza kujaa mwilini ikaharibu misuli, hapo daktari anaweza kuisimamisha kwa muda au kuibadilisha, hata vipimo vya ini vikipanda sana atasimamisha. Ndo maana usimpe mgonjwa kidonge kwa siri ukitokea nyumbani, mwambie daktari aandike kwenye faili. Na misuli ikiuma kuliko kawaida ya homa, au mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, sema siku hiyohiyo usisubiri raundi ya kesho.

Mimi sasa nina picha ya kila boksi la mama kwenye simu, jina na miligramu zinasomeka, na dada yangu wa Kizota anazo pia maana simu yangu inaweza kuzima chaji.

Mama alitoka baada ya siku kumi na saba, sidai ni kile kidonge, alipewa na deksamethasoni (nayo ya kutuliza mcharuko), sindano za kuzuia damu kuganda na oksijeni. Baba mdogo nilimbembeleza mpaka akaja mjini kupima, kolesto ikakutwa juu kweli, sasa anameza moja kila usiku aliyoandikiwa na daktari, kwa ajili ya moyo wake.