Jibu: Nikimaliza ufunguzi wa Kifaransa kwenye sataranji (chess) sijui nicheze nini

Salamu mkuu. Umesema unacheza na kete nyeusi, e4 e6, d4 d5 (herufi na namba hutaja mraba kete inapokwenda), mweupe anasukuma e5, halafu unabaki kuzungusha kete kwa kukosa cha kushambulia.

Anza kwa kutazama askari, mfalme wa mpinzani mwache kwanza. Wako wa e6 na d5 wamesimama kwenye miraba myeupe, na askofu wako wa c8 anatembea humo humo. Amefungiwa ndani. Mweupe naye ana mnyororo wa askari wa d4 na e5, na mnyororo hugongwa kwenye shina, yaani d4. Ndiyo maana tunacheza c5, farasi c6, malkia b6: kete tatu zote zinamkodolea macho askari mmoja.

Hapo sasa wengi huungua. Mweupe akiweka askofu d3, mkala­na askari pale d4, usikimbilie kumla d4 kwa farasi. Farasi wake atakula, malkia wako atakula, kisha askofu wake anaruka kutoka d3 hadi b5 na kusema shaha, yaani anamshambulia mfalme wako na lazima umwokoe kwanza. Malkia wako kwisha, maana wa kwake alikuwa anachungulia kutoka d1 na njia sasa iko wazi. Tanguliza askofu wako d7 azibe njia ya shaha hiyo, ndipo d4 inalika kweli. Tena kutoka d7 huyo askofu anaweza kupata njia ya b5, akabadilishane na askofu mzuri wa mweupe, yule asiyezibwa na askari wake mwenyewe. Mimi mabadilishano hayo huyakubali karibu kila mara.

Kama unakwama mahali pengine, bandika mchezo mmoja mzima, hata uliopoteza.